Tunasali "utusamehe deni zetu", kisha tunabebeana cherehani. Maandiko juu ya madeni ni ya rohoni tu, au ni sheria?

#1 Mwana wa Bonde

Wakuu, salaam.

Jumapili iliyopita tulifika kwenye Sala ya Bwana, ulimi ukanigoma. Sisi tunaotumia Biblia ya Union, Mathayo 6:12 imeandikwa "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Deni. Mbele yangu alikaa jirani yangu, mama fundi cherehani. Safu tatu nyuma yangu alikaa bwana aliyemkopesha. Wote wawili nilizisikia sauti zao.

Mama alikopa laki tatu kwa hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, kausha damu. Mkononi alipewa 270,000, ile elfu thelathini wakasema ni ya fomu. Marejesho 15,000 kila siku, siku 30, jumla 450,000. Siku 18 alilipa bila kuruka. Pigeni hesabu: hapo alikuwa amesharudisha 270,000, ile ile aliyoishika. Siku ya 19 mtoto akalazwa. Akaruka marejesho manne. Alfajiri ya siku ya 23 wakaja na guta la kubebea mizigo, wakaingia ndani, wakabeba cherehani ya kukanyaga. Chini ya sindano ilikuwa sketi ya sare ya shule, ubavu mmoja umeshonwa, mwingine bado. Sketi ya mteja ikaondoka nayo.

Nilirudi nyumbani nikafungua Kumbukumbu la Torati 24. Mstari wa 6 unakataza kushika rehani jiwe la kusagia la mtu, kwa kuwa ni kushika uhai wake. Mstari wa 10 na 11 unasema anayedai asiingie nyumbani kwa mtu kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amtolee mwenyewe. Kutoka 22:26 inasema ukishika nguo ya mtu rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, maana hana kingine cha kujifunika. Halafu Kumbukumbu 15: kila mwaka wa saba, maachilio ya madeni.

Hoja yangu ni kwamba haya hayakuandikwa kama ushauri wa kuwa na moyo mwema. Yaliandikwa kumpangia anayedai mwisho wa mkono wake. Anaruhusiwa kudai, ila kuna mlango asiouvuka na kuna kitu asichokigusa. Sisi tumeyahamishia yote rohoni, mtaani tukabaki na guta. Nakosea wapi?

#2 Kibarua Halali

Dawa ya deni ni kulipa. Mengine ni maelezo.

#3 Kaunta Buku

Mleta mada, pole kwa jirani. Lakini ngoja na mimi niseme, maana kwenye nyuzi kama hizi anayedai huwa ndiye shetani.

Nina duka la mtaani mwaka wa kumi na moja. Nina kaunta buku ya kurasa zilizojaa: unga kilo 2, sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni kipande. Kuna watu wamehamisha njia kwa sababu ya daftari hilo. Mmoja alikuwa anapita mbele ya duka kila asubuhi kwa miaka, siku hizi anazunguka nyuma ya msikiti, dakika kumi zaidi, ili tusionane. Deni lake 14,500. Mimi sijamfuata, sijabeba hata sufuria ya mtu. Ila wa jumla anayenipa unga hanisamehei, mwenye fremu hanisamehei. Mkisema mwaka wa saba nifunge daftari, mwaka wa sita sitampa mtu hata kiberiti.

#4 Mchungaji Mstaafu

Amani kwenu. Mwanangu uliyeleta mada, uchungu wako ni wa haki, lakini chunga usomaji. Bwana Yesu alisema Kiaramu, na kwa Kiaramu neno moja hubeba deni na dhambi pamoja. Mathayo akaandika deni, Luka 11:4 akaandika "utusamehe dhambi zetu". Wakatoliki husali "makosa yetu". Maana iliyokusudiwa ni uhusiano wa mtu na Mungu. Ukiugeuza kuwa mjadala wa marejesho ya elfu kumi na tano, umeushusha.

#5 Mwana wa Bonde

Shikamoo mchungaji. Naomba uumalizie huo mstari wa Luka. "Utusamehe dhambi zetu, kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye." Tumwiaye! Kuwia ni kudai. Waliotafsiri Union walikuwa na Kiswahili cha kwao kweli. Ni kitenzi hicho hicho cha Warumi 13:8, "msiwiwe na mtu cho chote". Kwa hiyo hata Luka, kwa Mungu amesema dhambi, lakini alipofika kwa binadamu na binadamu karudi kwenye deni. Mimi sijaushusha mstari, umejishusha wenyewe.

#6 Mchungaji Mstaafu

Marahaba. Hapo umenishika kidogo. Nitalifikiria.

#7 Jirani wa Nakuru

Wadau, hamjagusa Yubile! Walawi 25: kila mwaka wa 50 baragumu inapigwa, madeni yote yanafutwa, kila mtu anaanza sifuri. Serikali zetu zingefuata hii tungekuwa mbali.

#8 Msomi Mkulima

Jirani, rekebisho. Walawi 25 haisemi madeni yanafutwa. Inasema ardhi inarudi kwa ukoo wake na mtu aliyejiuza utumwani anarudi kwake. Kufuta deni ni Kumbukumbu 15, mwaka wa saba. Watu wengi wanazichanganya.

Tena Yubile ina hesabu ya kibiashara ndani yake. Mstari wa 15 na 16: unaponunua shamba, bei inapangwa kwa idadi ya mavuno yaliyobaki mpaka Yubile. Ikibaki miaka 40 unalipa zaidi, ikibaki mitatu unalipa kidogo. Kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa mwaka wa 50, alinunua mavuno, hakununua udongo. Sababu iko mstari wa 23, ardhi ni ya Mungu, ninyi ni wageni. Na nyumba ndani ya mji wenye ukuta haikuingia kwenye Yubile: muda wa kuikomboa ni mwaka mmoja, ukipita imekwenda moja kwa moja. Sheria ilikuwa inalinda shamba, kile kinachomlisha mtu. Nyumba ya mjini iliachwa sokoni. Hapo ndipo inapokutana na cherehani ya mleta mada.

#9 Kibarua Halali

Swali moja tu. Ilishawahi kufanyika? Yubile hata moja kwenye historia? Nionyesheni.

#10 Katekista wa Kigango

Ya 50 hakuna mahali Biblia inasimulia kwamba ilifanyika. Ya saba ipo. Soma 1 Wamakabayo 6:49, watu wa Bethsura walitoka mjini kwa kukosa chakula kwa sababu ulikuwa mwaka wa sabato wa nchi, yaani mwaka wa saba wa kupumzisha mashamba. Na mwanahistoria Yosefo ameandika kwamba Julius Caesar aliwaondolea Wayahudi ushuru katika kila mwaka wa namna hiyo.

#11 Kibarua Halali

Kitabu hicho kwenye Biblia yangu hakipo.

#12 Katekista wa Kigango

Pole ndugu, njoo uazime ya kwangu. Utairudisha kabla jua halijachwa.

#13 Jirani wa Nakuru

😂😂 Mchungaji Mstaafu, waamulie hao.

#14 Msomi Mkulima

Turudi. Kibarua #9 ana pointi kubwa kuliko anavyojua. Katekista ameonyesha mashamba yalipumzishwa. Madeni ni habari nyingine. Yeremia 34: mfalme Sedekia alipozingirwa na Babeli, matajiri walikubali kuwaachia watumwa wao wa Kiebrania. Hatari ilipoonekana kupungua wakawarudisha wale wale utumwani. Yeremia akawaambia mmekataa kutangaza uhuru kwa ndugu zenu, basi nami nawatangazia uhuru, uhuru wa upanga, tauni na njaa. Kwa hiyo sheria ilikuwepo na ilivunjwa.

Alichosema Kaunta Buku #3 nacho kimeandikwa. Kumbukumbu 15:9 inaonya: usiwe na wazo baya moyoni ukisema mwaka wa saba umekaribia, ukamnyima ndugu yako. Yaani aliyeandika alijua mwenye duka atafunga daftari mwaka wa sita. Watu walifunga kweli. Mpaka wakati wa Herode, mwalimu Hilel akatunga hati inaitwa prozbuli: anayedai anayakabidhi madeni yake kwa baraza la mahakama, na kwa kuwa sasa yako mikononi mwa baraza, mwaka wa saba hauyagusi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema alifanya hivyo kwa sababu aliona watu wameacha kukopeshana.

#15 Kaunta Buku

Huyo mwalimu Hilel alikuwa na duka. Nimemwelewa bila kufafanuliwa.

#16 Mwana wa Bonde

Kaunta Buku nakuheshimu, lakini angalia mwisho wa hadithi hiyo. Mwaka 66 uasi dhidi ya Warumi ulipoanza Yerusalemu, waasi walikwenda kuchoma nyumba ya kumbukumbu za madeni. Yosefo ameandika, na sababu ameitaja: hati za wakopeshaji ziteketee, wadaiwa wajiunge. Miaka kama mia tangu prozbuli. Maachilio yalipofungiwa mlangoni, yakaingilia dirishani na moto.

#17 Msomi Mkulima

Sitaweka kiberiti cha mwaka 66 mkononi mwa Hilel, kulikuwa na kodi za Roma, ukame, na makuhani wenye mashamba makubwa. Lakini kwamba walianza na daftari, ni kweli.

#18 Mama Pacha

Nasoma kimya tangu jana, leo nasema. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi. Wanawake kumi, tunadhaminiana. Mmoja akishindwa rejesho, tisa tunalipa. Wiki ya kwanza tulichanga. Ya pili tulichanga na maneno. Ya tatu tulikwenda nyumbani kwake tukabeba godoro. Mimi nilishika pembe moja ya hilo godoro. Mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni ameshika shuka, tulimwachia shuka.

Kwa hiyo mkisema "anayedai", mjue mara nyingi anayetumwa kudai ni mdaiwa mwenzake. Ile habari ya kutoingia ndani, laiti ningeijua siku ile ningebaki nje. Nisingeshika.

#19 Mchungaji Mstaafu

Mama Pacha, Mungu akubariki kwa kusema hilo hadharani.

#20 Kibarua Halali

Pole dada. Lakini narudi kwenye Biblia hiyo hiyo. 2 Wafalme 4. Mjane wa nabii, mwenye kumdai anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alifanya nini? Hakumwita anayedai akamsomea Torati. Hakufuta deni. Alimwambia azima vyombo kwa jirani, mafuta yakajaa, halafu "nenda ukayauze mafuta haya, uilipe deni yako". Nabii mwenyewe anasema lipa! Muujiza ulikuwa wa kumwezesha kulipa.

#21 Katekista wa Kigango

Hoja nzuri hii, sina jibu la haraka. Ila angalia vyombo vilitoka kwa nani. Kwa majirani wote, "wala usitake vichache". Kila nyumba pale kijijini ilikuwa na mtungi wake ndani ya lile deni. Ule ni mchango, ndugu yangu, umesimuliwa kwa muujiza.

#22 Mwanapwani

Asalaam aleikum na amani kwenu nyote. Mada imenivuta japo siyo kitabu changu.

Kwetu Suratul Baqara aya ya 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki basi apewe muda mpaka afarijike, na mkiliacha likawa sadaka ni bora kwenu. Na Suratut Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Hapo mnaona njia ya tatu ambayo hamjaizungumza. Kaunta Buku halipi hasara, na mama wa cherehani haburuzwi. Deni linalipwa, ila anayelipa ni mfuko wa umma wa waumini. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akakataa kulisalia mpaka sahaba mmoja aliposema deni hilo ni juu yangu. Deni halikuchukuliwa jepesi, lakini halikuachwa kwa marehemu na watoto wake peke yao.

Na riba ndiyo mzizi wenyewe. Hiyo 180,000 ya jirani ya mleta mada inadaiwa juu ya nini, wakati 270,000 imeshatimia?

#23 Kaunta Buku

Mwanapwani, ahsante. Hiyo ya mfuko naiafiki kwa mikono miwili. Mimi mtu akija akasema nalipia daftari la fulani, namkabidhi na soda.

Tena niseme wazi mnisikie: mimi sikatai kusamehe. Mwaka juzi mteja wangu alifariki ana deni la 37,000. Siku ya arobaini nilichana ukurasa, nikampa mkewe ukurasa wenyewe mkononi. Nikaona anausoma mstari kwa mstari, sukari robo, sukari robo, mkate. Ninachokataa ni kuamriwa.

#24 Mwana wa Bonde

Lakini kaka, huyo mama alikuwa na bahati kuwa mumewe alikopa kwako. Angekopa kwa mwingine je? Ndiyo maana nasema sheria. Haki ya mtu isitegemee amekopa duka gani.

#25 Jirani wa Nakuru

Hapo ndipo penyewe! Kenya tuna Sheria ya Ufilisi ya 2015. Ukitangazwa mfilisi, baada ya miaka 3 unaachiliwa na madeni yako mengi yanakwisha, kuna yasiyofutika lakini mengi yanakwisha. Shida ni kwamba mama mboga hajui kama mlango huo upo, na akijua hana nauli ya kwenda kuubisha.

#26 Msomi Mkulima

Miaka 3! Sheria ya Hammurabi, mfalme wa Babeli, namba 117, karibu miaka 1,750 kabla ya Kristo: aliyejiuza au kuuza mkewe au mtoto kwa deni atatumika miaka mitatu, wa nne yuko huru. Na namba 48: mafuriko yakichukua shamba au mvua ikikosa, mwaka huo mdaiwa halipi nafaka, kibao cha deni kinaloweshwa maji na riba ya mwaka huo haihesabiwi.

Wafalme wa Babeli walikuwa wakipanda kitini wanatangaza kufuta madeni ya wakulima. Amri ya mfalme Ammisaduka ipo mpaka leo kwenye vibao vya udongo. Neno la Kiebrania la "uhuru" katika Walawi 25:10, deror, ni ndugu wa neno la kwao, andurarum. Sasa kwa nini walifanya? Siyo huruma. Mkulima akiwa mtumwa wa tajiri halipi kodi kwa mfalme wala haendi vitani. Mfalme alikuwa anajirudishia watu wake.

Kwa hiyo mchungaji anasema roho, mleta mada anasema sheria, mimi naona siasa ya kilimo. Ambacho Torati ilibadilisha ni kuinyang'anya ikulu jambo hili na kulikabidhi kalenda. Husubiri mfalme mpya afurahi. Unahesabu miaka.

#27 Mbeba Boksi

Salaam kutoka Ohio. Huku Walawi 25:10 imechongwa kwenye Kengele ya Uhuru ya Philadelphia, "mkatangaze uhuru katika nchi yote". Lakini mwaka 2023, tarehe 30 Juni, Mahakama Kuu ya nchi iliubatilisha mpango wa Rais Biden wa kusamehe mikopo ya wanafunzi, mpango wa dola bilioni 400 na zaidi. Kazini kwangu siku ile watu walinuna na wengine walishangilia. Aliyeshangilia zaidi alikuwa mzee wa kanisa aliyemaliza kulipa wa kwake akiwa na miaka 51. Alisema, nani atanirudishia mimi? Sikuwa na la kumjibu.

Ila kuna jambo nimeliona zuri. Deni la hospitali likishindikana huku linauzwa kwa wakusanyaji kwa bei ya chini sana, senti kwenye dola. Makanisa yamegundua. Mwaka 2019 makanisa ya eneo la Chicago yalichanga dola elfu thelathini na kitu, zikanunua na kufuta madeni ya matibabu ya zaidi ya dola milioni 5. Watu walipokea bahasha ya njano imeandikwa deni lako limefutwa. Hii si ndiyo mfuko wa Mwanapwani?

#28 Mwanapwani

Ndiyo yenyewe, jina tu.

#29 Kibarua Halali

Subiri kwanza. Deni la dola milioni 5 linanunuliwa kwa elfu thelathini, halafu mgonjwa alikuwa anadaiwa zote tano? Kumbe thamani yake sokoni ni hiyo ndogo. Hapo hata mimi nimeshtuka.

#30 Darasa la 2002

Nyie mnaongelea cherehani na hospitali, mimi ni zao la maachilio ya nchi. Mwalimu Nyerere aliuliza miaka ya 80 kama tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni. Tarehe 16 Mei 1998, viongozi wa G8, kundi la mataifa manane makubwa, wakiwa Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji, kampeni ikiitwa Yubile 2000, jina limetoka Walawi. Tanzania ikafikia hatua ya mwisho ya msamaha wa HIPC, mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, Novemba 2001. Mwaka huo huo ada ya shule ya msingi ikaondolewa. Nikaingia darasa la kwanza Januari 2002, nina miaka tisa, mdogo wangu ana saba, tukaanza siku moja. Tulikuwa wengi mpaka wengine tulikaa chini, wengine dirishani. Mama alikuwa ameshakata tamaa na mimi.

Kwa hiyo mtu akiniambia kusamehe deni ni nadharia, mimi najua kusoma hiki anachokiandika kwa sababu ya nadharia hiyo.

#31 Kibarua Halali

Na baada ya kusamehewa, nchi ikakopa tena. Mathayo 18 hiyo.

#32 Msomi Mkulima

Mathayo 18 siyo hiyo, mkuu. Yule mtumwa aliyesamehewa deni na mfalme hakukopa tena. Alimkaba mwenzake koo. Hesabu zake watu hawazipigi. Talanta moja ni dinari kama 6,000, dinari ni kibarua cha siku. Talanta elfu kumi ni siku milioni 60 za kazi. Tuseme kibarua 10,000 kwa siku, ni shilingi bilioni 600. Alichomdai mwenzake, dinari mia, ni milioni moja. Yosefo anasema mapato yote ya Herode Antipa kutoka Galilaya na Perea yalikuwa talanta 200 kwa mwaka. Elfu kumi ni mapato ya miaka 50. Hakuna mtumwa wa nyumbani anayekopa hivyo. Wapo wanaomsoma yule kama mkusanya kodi wa majimbo, na hapo inakuwa deni la umma: mfalme anamsamehe mkubwa, mkubwa anashuka chini kukamua.

#33 Mtoto wa Kadutu

Jambo wandugu. Niko Bukavu. Kongo ilisamehewa mwaka 2010, mabilioni ya dola. Lakini nani alikopa? Mobutu. Walijenga laini ya umeme kutoka bwawa la Inga mpaka mkoa wa Shaba, kilomita 1,700 hivi, kwa deni, ikapita juu ya vijiji na vijiji havikupata hata taa moja. Baba yangu alikuwa mwalimu, alidaiwa laini ya umeme na usiku alisahihisha daftari kwa koroboi. Kusamehe ni kwa mtu aliyekosa. Sisi tulikosa nini? Mimi hapo sitaki neno samehe, nataka waseme deni halikuwa letu.

Na huku kausha damu yenu inaitwa banki Lambert. Unachukua dola mia, mwisho wa mwezi unarudisha mia na hamsini. Walimu wanaacha kadi ya benki rehani kwa mkopeshaji. Kadi ndiyo jiwe la kusagia la mwalimu.

#34 Mchungaji Mstaafu

Mtoto wa Kadutu, maneno yako yamenifanya nisome Nehemia 5 upya usiku. Watu wanasema tumeweka rehani mashamba yetu, watoto wetu wanakuwa watumwa, wala si katika uwezo wetu. Kisha mstari wa 10 Nehemia anakiri yeye na ndugu zake na watumishi wake nao wamewakopesha fedha na nafaka. Anasema tuache riba hii. Hakuanza na wengine. Miaka arobaini madhabahuni nimeihubiri sura ya ukuta, sura ya 5 niliiruka. Nilichosema bandiko #4 sikifuti, lakini nakiongezea hicho.

#35 Darasa la 2002

Tukija kwenye nchi, mnakumbuka Zambia? 1979 ilikopa Romania kununua matrekta na vifaa vya kilimo. 1999 kampuni ya Donegal International ikalinunua deni lile kwa dola milioni 3 na kidogo, ikaishtaki Zambia London ikitaka milioni 55 hivi. 2007 ikapewa karibu milioni 15.5. Pesa ambayo wengine wamesamehe, huyu anaipitia nyuma kuichukua. Uingereza ilitunga sheria 2010 kuzuia mchezo huo kwa nchi za HIPC. Mipaka ya anayedai, kama alivyosema mleta mada.

#36 Wakili wa Kijiweni

Wakuu, nimechelewa. Mleta mada, unayoyatafuta Kumbukumbu 24 yapo kwenye sheria za Tanzania. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, toleo la 2019, kifungu cha 48. Katika kukazia hukumu, havikamatwi: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na zana za mkulima. Cherehani ya fundi ni zana ya fundi. Hata kifungo cha madai, anayedai ndiye analipa posho ya chakula ya anayemfunga, na kutoka jela hakufuti deni.

Tahadhari: hiyo ni kwa mali inayokamatwa kwa amri ya mahakama. Kausha damu hawaendi mahakamani kabisa, wanakusainisha fomu ya dhamana wanakuja na guta. Hapo hoja ni nyingine: wana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018? Fomu inasemaje? Nani aliwaruhusu kuingia ndani? Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni, lakini guta halina programu. Aende na nakala ya fomu na karatasi ya marejesho yote 18.

#37 Mama Pacha

Wakili, na godoro je? Ni matandiko? Ni miaka minne sasa.

#38 Wakili wa Kijiweni

Ni matandiko, dada. Njoo inbox.

#39 Kibarua Halali

Bado nasema dawa ya deni ni kulipa. Ila huyu ameshalipa.

#40 Mwana wa Bonde

Mrejesho. Leo nimekwenda naye ofisi ya mtaa. Karatasi ya marejesho ameitunza ndani ya Biblia, saini 18, moja imelowa. Fomu hakupewa nakala. Mwenyekiti amesoma kifungu kwenye simu yangu mara mbili, amesema waitwe kesho saa nne na waje na cherehani. Wakija bila hiyo tunakwenda polisi.

Mama mwenyewe hajauliza habari ya deni hata mara moja. Anaulizia sketi. Mwenye sketi anafungua shule Jumatatu.

#41 Kaunta Buku

Sare ya rangi gani hiyo? Na uko mkoa gani?